Barua ya kufunga muhula: udongo wetu, mboga zetu na likizo ya Aprili

Kwa wazazi na walezi wote,
Nyakach, Kaunti ya Kisumu

Nawasalimu nyote, na poleni kwa kazi za msimu huu wa kupanda. Muhula wa kwanza umekwisha salama. Watoto wanarudi kwenu na ripoti zao, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya kila ripoti. Walimu wa madarasa wameeleza alama kwa kirefu, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nataka nijibu swali ambalo baadhi yenu mmeniuliza langoni: kwa nini mtoto aliyeletwa kusoma anarudi nyumbani na matope hadi magotini?

Anasoma. Kilimo na Lishe ni somo lililo katika mtaala, na halifundishiki ubaoni peke yake. Isitoshe, sisi wa hapa tuna sababu ya ziada. Mnayajua maji yanayoporomoka kutoka uwanda wa juu wa Nyabondo mvua kubwa inyeshapo, na mnajua jinsi korongo la Katuk-Odeyo lilivyomeza mashamba, njia na maboma ya watu. Udongo wa huku bondeni ukilowa huachana upesi. Palipokuwa na njia ya ng'ombe, baada ya misimu michache pana mfereji unaomzidi mtoto kimo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema kuwa sentimita 2 hadi 3 tu za udongo huweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujiunda. Watoto wetu ndio watakaorithi utakaobaki. Sioni somo lenye haraka kuliko hili.

Gredi ya 5 walianza na madumu mawili ya plastiki yaliyokatwa ubavuni. Moja walilijaza udongo mtupu, la pili wakaufunika udongo kwa nyasi zilizo na mizizi yake, kisha wakayainamisha na kumwaga maji sawasawa. Dumu la kwanza lilitoa tope la kahawia, la pili maji yaliyokaribia kuwa safi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mvua iliponyesha, wenyewe waliomba kwenda kutazama rangi ya maji kwenye mtaro wa barabara, na mwalimu akawauliza maji yale yanaelekea wapi. Yanaelekea ziwani. Yakifika huko yamebeba mbolea ya mashamba yetu, na mbolea hiyo ndiyo inayolisha gugumaji linalowafungia wavuvi njia.

Gredi ya 6 walitengeneza fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, kwa fito tatu, uzi na jiwe. Kwa kifaa hicho walipima mistari ya kukinga mteremko nyuma ya madarasa, wakachimba mitaro ya fanya juu, udongo ukitupwa upande wa juu, na kupanda nyasi za nepia kwenye tuta ili lisibomoke. Hesabu za pembe na urefu walizifanya pale pale. Mwalimu wao wa Hisabati alifurahi kuliko wa Kilimo.

Zao lililotufunza zaidi ni kunde. Wanafunzi waling'oa mche mmoja, wakaosha mizizi na kukuta vinundu vidogo. Walipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cha rangi ya waridi, nayo ni dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Majani hutambaa na kuukinga udongo na matone ya mvua. Majani hayo hayo ndiyo boo tunayoila na ugali. Mmea mmoja unalinda shamba, unalirutubisha na kumlisha mtoto, ilhali kwetu siku hizi unapewa pembe tu ya shamba, na pengine haupandwi kabisa.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye sahani. Mboga zetu za kienyeji, yaani dek (saga), osuga (managu), apoth (mrenda), mito na ododo (mchicha), zina vitamini A na madini ya chuma na chokaa kwa wingi, na omena inayoliwa nzima na mifupa yake ni chokaa tupu kwa mtoto anayekua. Nawasihi mambo mawili ya jikoni. Kwanza, punguzeni magadi kwenye mboga, kwa kuwa huharibu vitamini C, na vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga hizo hizo. Pili, chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini hayo. Iacheni isubiri saa moja hivi. Nafahamu kwamba shilingi ya mandazi na soda huwa karibu kuliko muda wa kuchambua mboga. Lakini mtoto aliyezichambua na kuzipika mwenyewe huzila, hata zile chungu. Tumeliona hilo shuleni.

Wengine mmehofia minyoo. Hofu hiyo ni ya haki: kila anayeingia shambani huvaa viatu na hunawa kwa sabuni akitoka. Na lieleweke vizuri kwamba katika shule hii hakuna mwanafunzi anayepelekwa kulima kama adhabu. Mtoto aliyechapwa kwa jembe ataichukia ardhi maisha yake yote, na sitaruhusu hilo litokee hapa.

Kila mwanafunzi kuanzia Gredi ya 4 amepewa gao la mbegu za kunde na dek. Naomba mpeni kipande cha ardhi karibu na jiko, hata hatua tatu kwa tatu, mvulana sawa na msichana. Apande kwa kukingama mteremko na afunike udongo kwa nyasi kavu. Mabua mliyobaki nayo msiyachome, mwachieni ayatumie. Majani ya kunde huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4, kwa hiyo tutakapofungua atakuwa anakaribia kuvuna. Alete daftari lenye maelezo ya alichokiona, yakiwemo yaliyoharibika. Hakuna mchango wa pesa.

Jumamosi ya kwanza ya muhula wa pili tutachimba mtaro wa mwisho, ule wa upande wa lango, ambao ni mrefu kuliko nguvu za watoto. Mzazi mwenye jembe, sururu au vipandikizi vya nepia aje navyo saa moja asubuhi. Wazee wanaokumbuka maji yalikopita zamani kabla ya madarasa kujengwa, nawaomba hasa waje, kwa sababu tunataka kuwasikiliza kabla ya kupigilia vigingi vya mistari.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu