Fedha za kuziba kisima zitolewe kabla hakijachimbwa

Mhariri,

Kila panapozungumzwa habari za visima vya mafuta na gesi vilivyotelekezwa, swali huwa ni nani alipie kuzibwa kwavyo. Swali hilo huulizwa kwa kuchelewa mno. Lilipaswa kujibiwa siku kibali cha kuchimba kilipotolewa.

Tazama Marekani. Tangu kisima cha Edwin Drake pale Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, nchi hiyo imechimba mamilioni ya visima. Serikali yake inakadiria kuwa zaidi ya milioni 3 vimeachwa, na vingi havijazibwa. Baadhi ya vile vya zamani vilishindiliwa magogo na mawe, basi. Vingine havimo kwenye ramani yoyote, na leo hutafutwa kwa droni zinazobeba vipima sumaku.

Kisima kilichoachwa wazi ni hatari. Bomba la chuma huliwa na kutu, saruji inayolizunguka hupasuka, na gesi hupenya kwenye maji ya ardhini au kupanda hewani. Katika miaka 20 ya kwanza, methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Pamoja nayo huweza kutoka benzini, ambayo husababisha saratani.

Mafundi wanajua la kufanya: kusafisha kisima, kumwaga saruji kwenye vina vinavyotakiwa, kukata mdomo chini ya usawa wa ardhi, kisha kuondoa udongo uliochafuka. Kinachokosekana ni fedha, na hapo ndipo ninapokasirika. Katika ardhi ya serikali kuu ya Marekani, dhamana ya chini (fedha ambazo kampuni huweka ili kisima kizibwe hata yenyewe ikishindwa) kwa eneo moja lililokodishwa ilibaki dola 10,000 tangu 1960 hadi 2024, ilipopandishwa kuwa 150,000. Wakati huo wote, kampuni kubwa iliweza kuuza kisima kinachokaribia kukauka kwa kampuni ndogo, nayo kwa ndogo zaidi, mpaka ya mwisho ikafilisika. Mwaka 2021 Bunge lililazimika kutenga dola bilioni 4.7 za umma kwa visima visivyo na mwenyewe.

Dhamana ilingane na gharama halisi ya kuziba, na aliyeuza kisima asiachiwe kunawa mikono. Naliomba gazeti lako, kila linaporipoti kibali kipya cha kuchimba, litaje pia dhamana ni kiasi gani na inashikiliwa na nani.

Msomaji wako