Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uwanja, Maji na Kivuli

Wazee wetu, ndugu wanachama, mama lishe na vijana wa bodaboda mliojiunga mwaka huu, habari za asubuhi.

Tumshukuru Mungu aliyetufikisha tena kwenye mkutano huu. Waliotutoka, katibu atasoma majina yao na tutasimama kuwaombea. Mapato na matumizi ni ya mweka hazina, na daftari liko mezani kwa yeyote anayetaka kulifunua. Mimi nitasema habari ya kutengenezwa kwa uwanja wetu wa wazi, maana ndiyo iliyotumaliza nguvu mwaka mzima.

Mnaukumbuka mchoro wa kwanza tulioletewa: pevingi (matofali ya zege ya kutandaza) uwanja mzima, chemchemi katikati, taa za rangi, na miti ya ashoki pembezoni. Kwenye karatasi ulipendeza, sikatai, na wapo waliokwisha kupiga makofi. Kamati yenu ikauliza jambo moja tu: maji ya masika yatakwenda wapi? Tukajibiwa, mtaroni. Mtaro upi? Huu ambao kila Aprili unatapika hadi kwenye vizingiti vya maduka?

Hesabu yake mtoto wa darasa la tano anaiweza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Zikinyesha milimita 50, kila mita za mraba 1,000 zilizosakafiwa zinamwaga karibu lita 50,000. Hayo ni maboza 5 ya lita 10,000 yamefunguliwa kwa pamoja kuelekea mtaro mmoja. Na hapa Ilala maji yetu hayaishii kwetu, yanateremka Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili la Dar es Salaam, na wengi wa waliopoteza nyumba mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tukijivunia uwanja mkavu kwa kumsukumia maji mwenzetu wa bondeni Jangwani, tumejenga nini?

Kwa hiyo tuliomba mchoro mwingine, na baada ya vikao vingi kuliko nilivyotaka, tumeupata. Sehemu ya katikati inashushwa kidogo, kina cha goti, ipandwe majani na vichaka vinavyostahimili maji na ukame. Chini yake unatangulia mchanga, kisha kokoto, kisha bomba lenye matundu linalopeleka mtaroni ziada tu, polepole, mvua ikishapungua. Pevingi itabaki kwenye njia za miguu, lakini ya kuachia nafasi zinazojazwa kokoto ndogo ili maji yapenye. Chemchemi tumeifuta. Najua wapo waliosikitika, lakini katika mji ambao bomba la nyumbani lina ratiba yake, sioni sababu ya kurusha maji hewani.

Mbu. Swali hili liliulizwa na akina mama kwa ukali, na walikuwa na haki, maana homa ya dengue ya 2014 na ya 2019 hatujaisahau. Mbu huhitaji takribani wiki moja ya maji yaliyotuama ili yai liwe mbu wa kuruka. Bustani ya namna hii hutakiwa kukauka ndani ya siku 2, na tumesisitiza sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Hatari iko kwenye takataka: mfuko mmoja wa plastiki ukiziba tundu, tutakuwa tumejichimbia bwawa.

Kuna mwanachama aliyetuonyesha picha za Tåsinge Plads, kiwanja cha Copenhagen kilichofunguliwa 2014 baada ya mvua ya Julai 2, 2011 kuuzamisha mji ule. Walibandua lami wakarudisha udongo na miti. Ni mfano mzuri, ila tusiige kila kitu. Wao huyatenga maji ya barabarani kwa sababu ya chumvi wanayomwaga wakati wa barafu. Sisi adui yetu ni mchanga na uchafu unaoziba, kwa hiyo mashimo ya kunasia tope yamewekwa kila maji yanapoingilia.

Sasa mkungu, ule mti wa kivuli uliopo uwanjani. Mchoro wa kwanza uliukata kwa hoja kwamba unaangusha majani. Siku wapimaji walipopaka alama nyekundu kwenye shina, wazee wa bao hawakugombana na mtu. Walisogeza ubao wao hadi kwenye mizizi, muuza kahawa akawafuata na birika lake, mchezo ukaendelea mpaka magharibi. Mkungu umebaki. Miashoki imepungua pia, na nafasi yake itachukuliwa na miarobaini na mikungu mingine. Ashoki ni mti wa kupigia picha za harusi. Saa saba mchana kivuli chake kinamtosha kuku.

Kuhusu wachuuzi, msimamo wetu haujabadilika: watakaohamishwa wakati wa ujenzi waorodheshwe kwa majina kabla, na warudi kwanza wao. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ikafunguliwa upya 2009, na wauza urojo na mishkaki wakarudi jioni zao. Inawezekana. Hapa bado tumepewa ahadi ya mdomo, na ya mdomo mimi siihesabu.

Hati ya uwanja nayo haijakamilika. Uwanja haujawekewa bikoni, yaani alama za mpaka, na eneo la wazi lisilo na bikoni huanza kuota vibanda, kisha ukuta. Nairobi 1991, wananchi wakiongozwa na Zarina Patel walilazimika kuandamana kuiokoa bustani ya Jeevanjee, iliyokuwa igeuzwe maegesho ya magari. Heri tulipie upimaji mapema.

Yanayohitaji kura leo ni mawili: mchango wa kulipia upimaji, na zamu za kumwagilia. Mche unahitaji maji kiangazi 2 au 3 kabla haujajitegemea, na mkandarasi akishakabidhi kazi haonekani tena. Wenye maduka manne ya kona wamekubali matangi ya kuvuna maji ya mapaa yao. Mikono bado haitoshi. Daftari la zamu liko kwa katibu, na Jumamosi bado ziko wazi.