Mguu wa Kushoto Ndio Unaoua Klachi

Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, iliingia gereji kwetu ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa na uhakika ameuziwa klachi feki, maana hata mwaka haijamaliza. Tulipoteremsha gia boksi tukakuta pleti, ile sahani ya klachi inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, imeliwa mpaka kwenye ripiti zinazoshikilia lainingi yake, na flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, imebadilika rangi kuwa ya bluu kwa moto. Spea yenyewe haikuwa feki hata kidogo. Tukafunga nyingine, tukatoka naye kidogo barabarani kujaribu. Kutoka getini mpaka tunarudi, mguu wake wa kushoto haukugusa sakafu hata mara moja.

Hela ya kubadilisha klachi tunaipenda, hatudanganyi. Ila inauma kumwona mteja yuleyule anarudi na ugonjwa uleule.

Ukiegemeza mguu kwenye pedali ya klachi, hata kwa uzito wa kiatu tu, rilizi beringi, ile beringi inayoachisha klachi, inaanza kusukuma presha pleti, chuma kinachoibana pleti kwenye flaiwili. Pleti haibanwi sawasawa, inateleza kidogokidogo, inapata moto. Wewe huhisi chochote. Kwa hiyo ukishaingiza gia, mguu uweke chini, pembeni ya pedali. Foleni ikisimama muda mrefu, weka nyutro na uachie klachi kabisa.

Kwenye kilima ndiyo balaa. Wapo wanaolishikilia gari kwa kuchezesha klachi na mafuta, halirudi nyuma wala haliendi mbele, na abiria wanasema huyu ndiye dereva. Ile harufu inayofuata ni pleti inaungua. Vuta hendibreki. Ukitaka kuondoka, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu mpaka usikie mlio wa injini unazama na pua ya gari inataka kunyanyuka, ndipo uteremshe hendibreki.

Mkono nao usiufanye mzigo juu ya gia. Ndani kule unasukuma uma wa gia usagane na kitu kinachozunguka. Rivasi ingiza gari likiwa limesimama kabisa. Ikikataa, ingiza kwanza namba moja, kisha rivasi.

Kuteremka na nyutro ili kuokoa mafuta ni hesabu ya enzi za kabureta. Injini nyingi za EFI, yaani zinazopimiwa mafuta na kompyuta, hukata mafuta zenyewe gari likishuka ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta. Kwenye nyutro lazima zichome kidogo zisizimike. Na aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa na mzigo anajua kwamba gia ndiyo inayozuia breki zisichemke. Gia ndogo ichague ukiwa bado juu, usisubiri ufike katikati ya mteremko.

Una wasiwasi na klachi yako? Simama sehemu tambarare, mbele pasiwe na mtu, vuta hendibreki mpaka mwisho, ingiza namba nne, kisha achia klachi taratibu bila kukanyaga mafuta. Injini ikizima hapohapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, lete gari. Mlio unaokuja pale tu unapokanyaga pedali mara nyingi ni rilizi beringi. Hata hiyo ni ndogo kwa bei, lakini kuifikia ni lazima gia boksi ishuke, ndiyo maana tunakushauri ubadilishe pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, usije ukalipa ufundi mara mbili.