Usiniambie "pale"

Somo yangu mpendwa,

Barua yako simu imenisomea mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka. Eti tangu ujiandikishe kwenye Be My Eyes, ile programu ya simu ambayo kipofu humpigia kwa video anayeona amsaidie kutazama, wiki mbili sasa unalala na simu chini ya mto na hakuna kipofu hata mmoja aliyekupigia! Hatujakususia, mwenzangu. Wanaojitolea ni wengi mno kuliko sisi tunaoomba. Nikibonyeza, ombi huenda kwa watu kadhaa wanaosema lugha yangu, na anayewahi kupokea ndiye. Ukitafuta miwani kwanza, mwenzio keshachukua. Hans Jørgen Wiberg, yule Mdenmark fundi wa samani mwenye uoni hafifu, alipoianzisha mwaka 2015, watu walijaa tangu mwanzo. Kwa hiyo subiri tu, zamu yako itafika.

Ila itakapofika, nakuomba jambo moja: usiniambie "pale". Wala "kule", wala "huku". Hujui maneno haya yamenizungusha kiasi gani. Anayeona akisema "pale" hunyoosha kidole, nami kidole chake siwezi kukiona. Nipe kushoto au kulia, kwangu mimi na si kwako, kisha hatua ngapi, kisha kitu ambacho fimbo itakigusa: ukuta, nguzo, ukingo wa njia.

Na saa pia uwe nayo makini. Wengi hupenda kuelekeza kwa uso wa saa. Kijana mmoja, sauti nzuri, mpole kabisa, aliniambia: "Mlango uko saa tatu." Sasa saa tatu ninayoijua mimi ni mshale mfupi ukiwa kwenye 9, yaani kushoto. Nikageuka kushoto. Kumbe yeye alikuwa anasoma tarakimu, na 3 iko kulia! Fimbo ikaning'inia hewani, nikasimama ukingoni mwa mtaro, naye simuni anapiga kelele, "Siyo huko, huku!" Huku wapi, baba? Nilimshukuru, nikakata simu, nikaupata mlango kwa kufuata sauti za watu wanaoingia. Tangu siku hiyo saa kwangu ni ya kujulia wakati tu.

Barabarani usiniambie "vuka, hakuna gari". Kamera yangu inatazama upande mmoja na magari yanatoka pande zote, tena picha huchelewa njiani. Niambie unachokiona. Kuvuka nitaamua mwenyewe kwa masikio.

Unauliza kwa nini nihitaji macho yako wakati simu ina ramani. Ramani hunifikisha jengoni, basi. Setilaiti hukosea mita kadhaa, na katikati ya majengo marefu hukosea zaidi, kwa hiyo simu husema "umefika" nami nimekabiliana na ukuta. Mlango uko upande gani? Hapo ndipo ninapopiga.

Na hapo ndipo kazi ilipo kwako hata kama simu haiiti. OpenStreetMap, ramani inayochorwa na yeyote tangu 2004, inakubali uweke mlango mahali pake hasa, ngazi, na vigae vyenye vinundu ambavyo nyayo zetu huvisoma. Juu yake Wajerumani wa Berlin walijenga Wheelmap mwaka 2010, ramani inayopaka kila mahali rangi kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu. Kijani ni mahali pasipo ngazi kabisa. Rangi ya chungwa ni pa kuingilika kwa sehemu, na ngazi ya mlangoni, kama ipo, ni moja tu isiyozidi sentimita 7. Nyekundu ni hapaingiliki, na kijivu maana yake hakuna aliyesema.

Ogopa kijani cha huruma, somo. Rafiki yangu mmoja wa kiti cha magurudumu alikwenda kwenye mkutano kwa sababu ukumbi uliwekwa kijani. Alikuta ngazi mbili. Aliyeweka alama huenda aliona ni kitu kidogo, maana miguu yake ilizipanda bila kumwambia. Watu wanne wakajitolea kumbeba, akakataa, na simlaumu: kiti kile kina uzito, na mtu si gunia. Alisikiliza mkutano dirishani. Kungekuwa kijivu angalau angepiga simu kuuliza kabla ya kutoka nyumbani. Kwa hiyo beba futikamba. Usipopima, acha kijivu.

Haya, Jumamosi asubuhi nitakupigia mwenyewe kwa video tufanye mazoezi. Nitasimama kwenye kile kituo chenye milango minne ambacho hunishinda kila mara, niupe ukuta mgongo, halafu uniongoze hadi nje. Kila ukisema "pale" nitasimama kimya mpaka ujirekebishe.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako