Tusiuandike msitu wa mvua kama mbuga

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala za safari, hasa zile zinazosimulia ziara katika misitu ya mvua ya ukanda wa joto. Ni msomaji wa siku nyingi wa makala hizo, na misitu yenyewe nimeitembea mara za kutosha kuitambua kwa harufu kabla sijaifikia. Kinachonisukuma kuandika ni simulizi za aina mbili ambazo zimekuwa zikijirudia mno. Katika ya kwanza, msafiri anaingia msituni alfajiri na kabla ya saa sita mchana amekwisha kukutana na chui, chatu na kima wa kila rangi. Katika ya pili, msafiri anatoka amelowa chapachapa, ruba wamemganda miguuni, analalamika kwamba ametembea saa nne bila kuona mnyama hata mmoja na kwamba msitu ule ni mtupu. Simulizi ya kwanza mara nyingi imetiwa chumvi. Ya pili ni ya kweli, ila imefasiriwa vibaya. Zote mbili zimetokana na kosa moja, nalo ni kwamba mwandishi ameingia msituni na macho ya mbugani.

Mbugani nyasi ni fupi, uwanda ni wazi, na twiga huonekana akiwa mbali sana. Msituni mtu akiona hatua ishirini mbele yake amebahatika. Miti mikubwa hufika mita 30 hadi 45, na kati ya mwanga wote wa jua unaoangukia vilele vyake ni asilimia 2 hivi tu inayofika chini. Palipo na mwanga ndipo penye majani mabichi, maua na matunda, na penye chakula ndipo penye walaji. Msafiri anayepita chini anatembea katika sakafu ya jengo refu ambalo karibu wapangaji wake wote wanaishi ghorofa za juu, kisha anashangaa kwa nini hakutani na mtu ukumbini. Nao wachache wanaoishi chini, kama funo na minde, jamii ya paa wa msituni, hawatembei kwa makundi makubwa kama nyumbu, bali hujipitia mmoja mmoja au wawili wawili, baadhi yao usiku, na husikia hatua zetu muda mrefu kabla sisi hatujajua kwamba wapo.

Mfano mzuri kuliko yote ni okapi, ndugu wa karibu zaidi wa twiga aliye hai leo, mwenye umbo linalokaribia la farasi, mapaja yenye mistari kama ya punda milia na ulimi mrefu wa kuvutia majani. Mnyama mkubwa hivyo aliishi katika msitu wa Ituri, Kongo, bila kuandikwa na wanasayansi hadi mwaka 1901, ingawa Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walimjua vizuri siku zote. Ikiwa okapi mzima aliweza kujificha kiasi hicho, sioni ni kwa haki gani mtu wa matembezi ya nusu siku autangaze msitu kuwa mtupu.

Jambo ambalo makala zetu hulisahau kabisa ni kwamba msituni sikio hutangulia jicho. Kima wa Sanje, anayeishi katika milima ya Udzungwa peke yake, alitambuliwa na watafiti mwaka 1979 baada ya kusikika mlio ambao hawakuwa wakiufahamu. Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani. Habari ya kipunji ni hiyo hiyo. Watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka mlima Rungwe walisikia habari za kima mwenye haya ambaye hata hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2003 wakamwona, mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka uliofuata akatengewa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka themanini. Mlio wake ni kitu kati ya honi na mbweko. Haya ya kipunji yametokea katika karne hii, na chanzo chake ni kwamba kuna watu waliokaa chini wakasikiliza wengine.

Mtu akijizoeza kusikiliza, ule ukimya unaolalamikiwa hutoweka. Mapambazuko huanza na mbega, ambao hunguruma kwa zamu kutoka kilima hadi kilima, sauti nzito kama ya gari linalopanda mlima na gia ndogo. Jua likishapanda huja hondohondo, na huyu huna haja ya kumwona akiruka, kwa kuwa mbawa zake hazina yale manyoya madogo ya chini yanayoziba upenyo wa hewa, kwa hiyo kila pigo la bawa hutoa uvumi mkubwa unaosikika mbali. Ukimfuatilia kwa utulivu unaweza kufika kwenye kiota chake, ambako utaona jambo la ajabu: jike limejifungia ndani ya tundu la mti, mlango umezibwa kwa udongo na kinyesi hadi ukabaki ufa mwembamba tu, na dume analeta matunda moja moja na kuyapitisha katika ufa huo kwa wiki nyingi. Nimewahi kulitazama dume likitapika tunda baada ya tunda kutoka kooni, mpaka nikapoteza hesabu. Mwenzangu tuliyekuwa naye alikuwa amekwisha kutangulia, akidai hapakuwa na kitu cha kutazama.

Usiku nao una yake. Perere, mnyama mdogo wa mitini asiyezidi sungura kwa ukubwa, hupiga kelele ambazo mgeni akizisikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu ananyongwa. (Nakiri kwamba mara ya kwanza nilivaa viatu nikiwa tayari kwenda kuomba msaada, na waliokuwa wakilala jirani walinicheka hadi asubuhi.) Baada ya hapo humulikwa macho ya komba, mekundu kama makaa, yakiruka kutoka tawi hadi tawi. Na ni usiku, si mchana, ndipo kinyonga huonekana kwa urahisi. Mchana rangi yake humficha, lakini akilala hupauka, hivyo mwanga wa tochi ukimpata anang'aa kama jani lililokauka peke yake kwenye kichaka kibichi. Hulala kwenye ncha kabisa ya kijiti, mkia umekunjwa kama springi ya saa, mahali ambapo adui hawezi kumfikia bila kukitikisa kijiti chote. Usiku mmoja nilihesabu kumi na mmoja katika njia niliyoipita mchana ule ule mara mbili bila kuona hata mmoja.

Niruhusu, Mhariri, nikae kidogo kwenye siafu, kwa sababu sijawahi kuona makala ya safari inayowatendea haki. Kwa kawaida wanatajwa kwa sentensi moja tu, ya kwamba wanauma. Ni kweli wanauma. Lakini mara moja nilikuta msafara wao ukikata njia, nikaketi juu ya gogo umbali wa kutosha, nikaukuta bado ukipita saa mbili baadaye. Askari wenye vichwa vikubwa walisimama kingo zote mbili, taya wazi zikielekea juu, wakafanya ukuta ulio hai, na katikati vibarua wadogo walikimbia wakibeba mayai na vipande vya wadudu. Vibarua hao hawaoni kabisa. Wanafuata harufu na kugusana tu, na koloni moja huweza kuwa na mamilioni yao. Mbele, mahali walipotawanyika kuwinda, majani makavu yalikuwa yakitoa sauti kama ya mvua nyepesi, nayo si mvua, ni panzi, mende, buibui na mijusi wakikimbia roho zao. Juu ya mstari huo wa kukimbia walikuwa wametanda ndege wa aina tatu au nne, wakishuka na kudaka kile kilichotoroka. Ndege hao si rahisi kuwaona kwa njia nyingine. Watu husafiri mbali wakiwatafuta kwa darubini. Mimi siafu wenyewe waliniletea, kwa sababu nilikuwa nimekaa.

Kuna mengine ambayo hayana hata mguu wala bawa. Katika misitu ya Sumatra na Borneo huchanua ua la rafflesia, linaloweza kufikia upana wa mita moja, lisilo na jani wala shina wala mzizi wake mwenyewe, kwa kuwa maisha yake yote linaishi ndani ya mmea mwingine unaotambaa. Hujitayarisha kwa miezi, hunuka nyama iliyooza ili kuwaita nzi, na kabla ya wiki kwisha limekuwa tope jeusi. Katika misitu ya Thailand wapo sisimizi walioshikwa na kuvu inayowaongoza kushuka, kung'ata mshipa wa chini ya jani kiasi cha sentimita 25 kutoka ardhini na kufia hapo, kisha kuvu ikachipua kijiti kutoka nyuma ya kichwa. Anayetazama mbele tu akimtafuta chui atavipita vyote hivi.

Sasa nije kwenye madhara, maana kama ingekuwa ni suala la ladha ya uandishi tu nisingekusumbua. Simulizi zinazoahidi wanyama tele humfanya msafiri adai kile alichoahidiwa, na mwongozaji wake hulazimika kukitafuta kwa njia yoyote. Nimeshuhudia mwongozaji akimng'oa kinyonga kwenye kijiti chake na kumzungusha mikononi mwa watu wanane ili kila mmoja apate picha. Nimeshuhudia gogo likipigwa kwa panga ili kima walioko juu wahamanike na kuonekana. Nimesikia simu ikipigishwa mlio wa ndege uliorekodiwa, mara kumi, mara ishirini, mpaka dume mwenye eneo lake akaacha kulisha makinda akaja kupigana na adui asiyekuwepo. Hakuna kati ya watu hao aliyekuwa mkatili. Walikuwa wanatimiza ahadi ambayo mtu mwingine aliitoa kwa niaba yao, mara nyingi katika gazeti.

Kwa sokwe na gorila hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa magonjwa yetu ni magonjwa yao. Mwaka 2013, katika kundi moja la sokwe mtu wa msitu wa Kibale, Uganda, lililokuwa na sokwe 56, watano walikufa kwa virusi ambavyo kwetu huleta mafua. Ndiyo maana katika misitu kama ya Bwindi, penye sehemu kubwa ya gorila wa milimani ambao idadi yao yote imezidi 1,000 kwa kiasi kidogo tu, kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu, wakikaa umbali uliowekwa, na anayekohoa hubaki nje. Mara kwa mara nasoma makala inayolalamikia saa hiyo moja kana kwamba ni ubahili wa askari wa hifadhi, au, vibaya zaidi, inayojigamba kwamba gorila mdogo alimgusa mwandishi goti. Mwandishi huyo angalitueleza kwamba alirudi nyuma, tungalijifunza jambo.

Simaanishi kwamba kukutana na mnyama mkubwa si furaha. Nimewahi kusimama ana kwa ana na funo njiani, sote wawili tumeduwaa, matone ya maji yakidondoka kutoka masikioni mwake, na sekunde zile tano nazikumbuka kuliko siku nzima za mbugani. Lakini alinijia baada ya siku tatu za kutokuona chochote cha kusimulia, na kama ningeandika makala yenye funo tu bila hizo siku tatu, ningekuwa nimemdanganya msomaji kuhusu mahali penyewe.

Ombi langu kwako ni dogo. Unapopokea makala ya msitu wa mvua, mwulize mwandishi alikaa mahali pamoja muda gani, alitoka usiku au la, alisikia nini ambacho hakukiona, na kama mnyama aliye kwenye picha alikutwa alivyo au alishikwa na kupangwa. Majibu hayo yachapishwe pamoja na makala, hata kwa mistari miwili. Na ikiwa mwandishi atasema hakuona kitu, tafadhali usiitupe makala yake. Mrudishie, umwambie aandike alichosikia.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi