Liwa yetu haitibu chunusi, na krimu inayodai kutibu isome kwanza

Swali tunaloulizwa sana hapa dukani Langoni, Lamu, hasa misimu ya harusi, ni hili: "Liwa hii inatibu chunusi?" Haitibu. Liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri, hupoza ngozi na kuinukisha, na ikichanganywa na marashi ya waridi humpendeza bibi harusi. Mafuta ya nazi nayo huzuia ngozi isipoteze maji upesi, ndiyo maana ngozi kavu hulainika. Hayo ni mapambo na matunzo, na tunayauza kwa jina hilo.

Wapo wanaotoka hapo wakaenda kununua kopo lililoandikwa kwamba linaondoa chunusi, mabaka na ukurutu kwa siku saba. Tungependa wajue wanachonunua. Krimu ya namna hiyo ama haina cha kutibu, na maandishi yale ni ya kuvutia wanunuzi tu, ama ina kitu chenye nguvu kweli. Ikiwa nacho, hiyo ni dawa, na dawa ina kipimo, ina muda wake na ina watu isiowafaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 huangalia kusudio: cha kupamba ni kipodozi, cha kutibu maradhi ni dawa, na kinachodai yote mawili hubanwa na masharti ya pande zote. Kwetu Kenya dawa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye losheni huhusu ubora wa bidhaa, si ushahidi kwamba inaponya ugonjwa.

Kinachotutia hofu zaidi ni steroidi, dawa kali za kutuliza mwasho na uvimbe. Tuseme mtoto ana choa shavuni, mama akampaka krimu yenye clobetasol au betamethasone. Baada ya siku chache mwasho umetulia, uvimbe umeshuka, na mama anaisifu krimu kwa jirani. Lakini choa huletwa na kuvu, na steroidi haiui kuvu. Kazi yake ni kuituliza kinga ya ngozi, ile ile iliyokuwa ikipambana na kuvu. Choa husambaa taratibu na kupoteza mviringo wake, hata daktari akawa na kazi kukitambua. Mtu mzima akiipaka usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, vishipa huonekana, na chunusi mpya huota. Akiacha ghafla uso huwaka moto, naye hudhani krimu ndiyo iliyokuwa ikimponya, basi huirudia.

Krimu za kung'arisha ngozi nazo zina balaa lake. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 uliipiga vita kwenye sabuni na krimu hizi. Haidrokwinoni, kiungo kingine cha kung'arisha, ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha weusi wa kibuluu palepale mtu alipotaka weupe.

Kwa hiyo dada, geuza kopo usome herufi ndogo. Zebaki huenda ikaandikwa mercury au calomel. Kopo lisilotaja viungo wala mtengenezaji lirudishe, hata kama limesifiwa na shoga yako. Ukitaka, lilete tulisome pamoja, hatutozi kitu. Na kama umeshaipaka muda mrefu, usije kwetu kutafuta cha kubadilisha. Nenda hospitali ya King Fahad ukamwone daktari, na ulibebe kopo lenyewe ajue ulichotumia.

Singo yetu, mchanganyiko wa maua na viungo wa kumsinga bibi harusi, nayo usiiamini kwa kuwa ni ya asili tu, kwani maua na viungo huweza kumwasha mtu. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ungoje siku mbili. Bibi harusi afanye hivyo wiki kadhaa kabla ya arusi, ili ikimkataa tumtengenezee nyingine isiyo na kile kilichomwasha.