Kikomo cha deni kinachohamahama

Mhariri,

Mwaka 2019 Bunge la Kenya liliidhinisha kikomo cha deni la umma cha shilingi trilioni 9. Mwaka 2022 likakisogeza hadi trilioni 10, na mwaka 2023 likaachana na kiasi mahsusi na kushika asilimia 55 ya pato la taifa, deni likipimwa kwa thamani ya leo ya malipo yake yajayo. Mwenye duka mtaani kwetu, ukurasa wa mteja ukijaa katika daftari la mikopo, hafungui mwingine kabla hajalipwa. Bunge hufungua. Ibara ya 229 ya Katiba humtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague deni hilo, lakini ripoti hutufikia fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Wabunge waijadili kwanza, ndipo wapitishe bajeti nyingine yenye nakisi.

Msomaji wenu,
Nakuru